Ukuta Uliochokonolewa Pande Mbili

Siku ile ugomvi ulianza kwa nyundo, maneno yalikuja baadaye. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake upande wa Timazi, anapuliza chai, akasikia tindo inagonga ukuta wa kati: ko, ko, ko. Hakugeuka. Alijua ni Timazi, mwanawe wa kwanza, amechuchumaa kwenye kona ya chini karibu na ukuta wa nje, anachokonoa saruji mbovu iliyo kati ya tofali na tofali ili ajaze nyingine mpya. Tangu juzi alikuwa amekwisha kuapa kwamba mvua hazitamkuta na ukuta unaovuja maneno.

Maana hilo ndilo lililomkera. Viungo vya ukuta ule vilikuwa vimeliwa vikaliwa. Moshi wa jiko la Timazi ulipenya ukaenda kulala kitandani kwa mdogo wake, na vikohozi vya mdogo wake vilipenya vikaja kukaa mezani kwa Timazi. Mtu akipiga chafya huku, kule wanasema, "Sikia, ametutukana."

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa moja. Marehemu mume wa Mama alikuwa mwashi, aliijenga kwa mikono yake, na wanawe wawili akawafundisha kazi hiyohiyo. Mkubwa walimwita Timazi kwa sababu alitembea wima kama uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, hapindi kulia wala kushoto, hata pale panapohitaji kupinda. Mdogo walimwita Karai kwa sababu ya kichwa. Alizaliwa nacho vilevile, na Mama ndiye anayejua kilivyotoka.

Siku ya kumzika baba yao, kabla wachimba kaburi hawajanawa mikono, wana wale walishikana uani kuhusu nani atabaki na nyumba. Timazi alimng'oa Karai meno ya mbele kwa ngumi moja. Karai akaokota pima maji ya marehemu, ile ndefu ya mbao, akamvunja kaka yake mkono. Watu waliokuja kulia wakageuka waamuzi. Mama aliwatazama wawili wale wakivuja damu juu ya mikeka ya msiba, akaliona jambo moja ambalo halikumtoka tena moyoni: mmoja wa hawa atamuua mwenzake, nami nitabaki na maiti na muuaji, wote wametoka tumboni mwangu. Toka siku hiyo hakumwomba Mungu mali wala afya. Alimwomba hilo tu, lisitokee.

Ndipo akaamuru ukuta. Mkubwa akae mbele penye barabara, mdogo akae nyuma penye kichochoro, na katikati pasiwe na mlango. Waliujenga wenyewe, pamoja, bila kusemezana, mmoja mkono umefungwa shingoni, mwingine midomo imevimba hadi puani. Kila mmoja alingoja mwenzake alete saruji. Basi mchanga ukawa mwingi, saruji ikawa ya kutia rangi tu. Matofali waliyasimamisha kwa ubavu ili yatoshe, ukuta ukawa mwembamba, haukushikana na kuta za pembeni, na juu ukaishia chini ya boriti bila kuigusa, umesimama peke yake kama mtu aliyenuniwa. Nyumba nzima waashi, na ukuta wa aibu kuliko zote za mtaa ule ukawa wa kwao.

Mama alilala kwa Karai, akala kwa Timazi, ili yeyote asije akasema mama ni wake.

Sasa, chai haijapoa, ikasikika nyundo ya pili. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, mahali palepale, kona ileile ya chini. Ko, ko, ko.

Timazi akasimamisha mkono. Nyundo ya pili nayo ikanyamaza. Timazi akagonga tatu za nguvu. Kule zikagongwa tatu za nguvu.

"Unamsikia?" Timazi alisema. "Nikigonga ananijibu. Ananiigiza, mjinga yule."

"Hakuigizi," Mama alisema. "Naye anachokonoa. Ukuta mmoja, mvua moja, ulidhani yeye haimnyeshei?"

"Na kwa nini aanzie hapa? Ukuta wote huo, aanzie hapahapa nilipo mimi?"

Mama alijua kwa nini. Hawakuwa wamepatana, ila walifundishwa na mtu mmoja. Marehemu alianza kazi ya viungo baada ya chai ya asubuhi, jua halijaupata ukuta, na alianzia chini, kwenye kona iliyo karibu na nje. Mikono minne ile ilikuwa na mwalimu mmoja, haikujua pengine pa kuanzia. Na marehemu alikuwa na kanuni moja, aliwaimbia hadi wakaichoka: ukuta mwembamba unachokonolewa upande mmoja, tena kipande kwa kipande, unalowesha, unashindilia saruji, unaiacha ishike, ndipo unazungukia upande wa pili. Ukiula pande zote mbili kwa mara moja, matofali yanabaki yamepangwa tu kama sabuni dukani.

"Acha kwanza, mwanangu," Mama alisema. "Mnaula pande zote mbili."

"Aache yeye. Mimi nimeanza."

"Nani kaanza si neno. Neno ni ukuta."

"Mama, kanuni naijua. Anayeivunja ni wa pili kuanza, si wa kwanza. Kamwambie huyo mwanao mwenye kichwa."

Akaugeukia ukuta akapiga kwa hasira. Tindo ilizama kama inaingia kwenye boga. Mchanga ulitoka kwenye kiungo ukamiminika chini, mkavu, haukomi, kama gunia lililotobolewa. Mama akatazama juu kidogo, akaona tofali moja limeshuka upana wa ukucha. Akaweka kikombe chini, akajifunga mtandio, akatoka. Timazi alikuwa amempa mgongo, uso umegusa ukuta, masikio yamejaa nyundo yake mwenyewe. Hakuona kigoda kikibaki kitupu.

Kwenda upande wa pili ilibidi utoke geti la mbele, ufuate barabara, upite kwa kinyozi, uruke mtaro, uingie kichochoroni, ndipo ufike geti la Karai. Safari ya kuzunguka nyumba yako mwenyewe. Kinyozi alimwona anavyokaza mwendo, akasimamisha mkasi.

"Mama Timazi! Ukuta wenu ungekuwa na mlango ungepumzisha magoti hayo."

"Ungekuwa na mlango ningekwisha kuzika," Mama akajibu, hakusimama.

Chumbani kwa Karai kitanda kilikuwa kimevutwa katikati. Mke wake alikuwa anafagia mchanga, anafagia na mwingine unamwagika. Karai amepiga magoti, na kazi yake ilikuwa imekwenda mbali kuliko ya kaka yake: safu za chini zote viungo vitupu, vyeusi, kama mapengo yake mwenyewe. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji ya kuloweshea, na karai lililojaa saruji iliyokwisha kukorogwa. Mkononi hakuwa na tindo tena. Alikuwa na kipande cha nondo nyembamba, kimechongwa ncha, cha kuchokolea ndani kusikofikika.

"Karai, simama," Mama alisema. "Kaka yako anachokonoa upande wa pili, papo hapo ulipo wewe."

"Namsikia. Fujo zake."

"Basi muache."

"Nimuache nimfanyie sherehe? Mama, saruji nimekwisha kuikoroga. Ikishika, nitaila?"

"Jaza basi! Jaza hapo ulipokwisha kuchokonoa, usiendelee kutoboa."

"Nitajazaje na yeye anagonga? Nikishindilia huku anaitoa kule. Aache yeye kwanza."

Mke wa Karai akaegemea ufagio. "Mama, miaka yote moshi wao tunaula sisi. Mwanao huyu ameamua leo kuziba, ndiyo leo na yule anaamka. Kwani ratiba zao wanapeana usingizini?"

Mama akainama kuliona karai la saruji, akachota kidogo, akasugua katikati ya vidole. Ilikuwa nzuri, imekolea, haikuwa kama ile ya kwanza. Kijana alikuwa ametaka kweli kuziba. Hata yule wa kule alitaka kweli kuziba. Wote wawili walichotaka duniani asubuhi ile ni wasisikiane tena.

"Nipe hiyo nondo," alisema.

"Subiri, pamebaki mahali pamoja tu."

Akaisukuma ndani ya kiungo kwa kiganja. Mchanga ukalegea, nondo ikaenda bila kizuizi, na alipoichomoa, mwanga ukaingia. Ufa mrefu, mwembamba, wa kupitisha vidole viwili, umekata ukuta kutoka huku hadi kule. Na kwenye ule mwanga palikuwa na jicho.

Walikuwa hawajatazamana karibu hivyo tangu msiba.

"Ondoa jicho lako nyumbani kwangu," Timazi alisema.

"Wewe ondoa pua lako. Linanuka moshi."

"Nani kakuruhusu kutoboa ukuta wangu?"

"Wako? Nusu yako ni hiyo inayoanguka. Ulichanganya mchanga na mate."

"Mate! Ungeweza wewe kutema mate na mdomo ule? Ulikuwa unavuja kama koki."

"Na mkono wako? Umepona, au bado unaombewa?"

"Njoo uuone, kichwa karai! Zunguka uje uuone!"

"Nizunguke kwa nini, tundu si hili? Pitisha hapa nikuvunjie na huo mwingine!"

Mama alikuwa anamvuta Karai shati kwa nyuma, anasema nyamaza, nyamaza, nyamaza, lakini sauti za wanaume wale zilikuwa zinapanda pamoja, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea na Mungu wake pembeni. Hakuona kinachofanyika kule. Timazi alikuwa ameunyoosha mkono nyuma, akashika birika la chai lililokuwa linafuka karibu na kigoda, akaleta mdomo wa birika kwenye ufa, akainamisha.

Chai ilimwingia Karai shingoni na kifuani. Alitoa mlio Mama hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Ngozi ya kifua ikawa nyekundu palepale. Na mlio haujaisha, mkono wake ulikwisha kuirudisha nondo kwenye ufa, akaisukuma kwa uzito wa mwili wote.

Nondo ilikwenda, ikakutana na kitu, ikaenda tena kidogo.

Alipoivuta, ncha ilikuwa imelowa damu hadi karibu na kiganja. Kule ikasikika sauti ya mtu anayejaribu kuita na mdomo umejaa. Mke wa Timazi, aliyekuwa uani anafua, akaingia mbio, akaanza kupiga mayowe: "Amemuua! Jamani, amemuua mume wangu! Amemtoboa uso!"

"Bado," Karai alisema, anahema, akaielekeza nondo kwenye ufa mara ya pili.

Mama akaikamata kwa mikono miwili. Karai hakutazama ni nani. Alirusha kiwiko nyuma kama anayefukuza nyuki, kiwiko kikampata Mama katikati ya kifua, akaenda kugonga kitanda. Pumzi yote ikamtoka. Akafungua mdomo kuvuta nyingine, haikuja. Lakini miguu ilikuwa yake bado. Alijikokota, akapita chini ya mkono wa Karai, akaketi sakafuni, mgongo akauweka kwenye ukuta, palepale penye ufa, akauziba kwa mabega yake. Kidole chake kikaonyesha kifua chake. Kama unachoma, choma hapa.

"Mama, toka hapo!" Karai alisema. "Mama, ondoka, tafadhali, usiniingilie!"

Akatikisa kichwa. Sauti hana.

Kupitia mgongo wake alikuwa anausikia ukuta, na ulikuwa unatetemeka. Mchanga ulikuwa unamwingia shingoni, punje kwa punje, ndani ya nguo. Kule, hatua nzito zilikwenda mbali, zikarudi. Kitu kizito kilikokotwa sakafuni. Mke wa mwashi anazijua sauti za vyombo vyote: hiyo ilikuwa nyundo kubwa, ile ya kuvunjia mawe.

Karai naye aliijua. Rangi ikamtoka. "Kaka!" alipaza sauti. "Usigonge! Mama yuko hapa! Mama ameegemea ukuta!"

"Mwongo!" Maneno ya Timazi yalitoka yamevunjika, kupitia mdomo na kupitia tundu la shavu. "Mama yuko huku kwangu! Anakunywa chai kwangu!"

Na alikuwa anaamini. Saa hiyo ya asubuhi, miaka yote, Mama alikuwa kwake, kwenye kigoda kile. Alipokwenda kufuata nyundo hakutazama kigoda, aliona kikombe chake pale chini bado kina chai, kikamtosha. Alimwona mdogo wake anajificha nyuma ya jina la mama, akachukia mara mbili.

Mke wa Karai naye akapiga kelele kwamba ni kweli, yuko huku. Mke wa Timazi akapiga kelele juu ya hizo. Mama alijaribu kuita, akatoa hewa tu.

Pigo la kwanza lilimrusha kichwa mbele. La pili hakulisikia kama pigo. Ukuta haukuvunjika. Uliachia tu, tofali hili likaliachia lile, kama watu wanaoachana mikono, na ukuta mzima ukalala upande wa Karai.

Vumbi likajaa chumba. Kwa muda hapakuwa na juu wala chini. Kisha Mama akaona miale ya jua ikitokea mahali ambapo hapakuwa na jua kabla, jua la upande wa mbele, la barabarani. Alikuwa amelala kifudifudi kidogo, ubavu, mikono mbele. Toka kiunoni kwenda chini hakujiona. Palikuwa na matofali tu, mengine mazima, mengine nusu. Hakusikia maumivu, alisikia uzito. Akamshukuru Mungu kwamba kichwa kimetoka. Pumzi ikamrudia nusunusu, inakwaruza.

"Mama?" mke wa Karai aliita, kutoka mlangoni, hamwoni.

Kabla hajajibu, Timazi alitokea ndani ya vumbi. Shavu la kushoto lilikuwa wazi, damu imeshuka shingoni ikaingia kifuani, na jino moja linaonekana kupitia pasipo mdomo. Alipanda juu ya lile rundo la matofali kumfuata mdogo wake. Rundo lile lilikuwa juu ya miguu ya Mama. Sasa maumivu yalikuja. Alimsikia mwanawe mzima mzima akimkanyaga, mguu huu, mguu huu, na hakutazama chini.

Karai alikuwa ameangukiwa begani, mkono wa kushoto unaning'inia. Wa kulia bado umeshika nondo. Aliizungusha, ikampata Timazi kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, nyundo kubwa ikaanguka. Timazi hakulia. Alimrukia kwa kichwa, paji la uso likamwingia Karai puani, wakaenda chini wote wawili kati ya kitanda na rundo, karibu kabisa na uso wa Mama, hata jasho lao lilimrukia. Walipigana bila maneno. Kulikuwa na mikwaruzo ya viatu na pumzi za kukoroma, na sauti laini ya ngumi zinapopata nyama iliyokwisha kulowa. Karai alimng'ata sikio kwa magego. Timazi aliingiza kidole gumba kwenye kidonda cha chai akakizungusha. Karai akapiga ukelele, nguvu zikamwisha, na Timazi akampanda juu ya kifua, magoti juu ya mikono yake.

Akaokota nusu tofali. Akalishika kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliovunjika, akaliinua juu ya kichwa kile kikubwa.

"Timazi," Mama alisema. Haikuwa sauti. Ilikuwa pumzi yenye jina ndani yake.

Hakusikia.

Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa unapapasa sakafuni tangu zamani, haujui unatafuta nini. Ulikuwa umegusa ubaridi. Karai la saruji lilikuwa limepinduka nusu, na saruji nzuri ile, mbichi, imekolea, ilikuwa imemwagika hadi kwenye vidole vyake. Mama alijua saruji mbichi inafanya nini ikiingia machoni. Aliwahi kumwona mume wake akimwongoza kibarua mmoja kwa mkono hadi kwao, yule hakuona tena. Alijua. Akajaza kiganja, akajiinua kwa kiwiko hadi kitu kikakatika kiunoni, akamtupia mwanawe wa kwanza usoni, kwenye macho yote mawili, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Nusu tofali lilianguka. Lilipiga sakafu kando ya sikio la Karai, vipande vikaruka.

Timazi alilia sasa. Alilia kama mtoto, mikono usoni, anasugua, na kila akisugua anazidi kuisaga ndani. Alijiviringisha chini, akapiga magoti, akainama, shingo yote nje, anapapasa hewa. "Macho yangu! Yananiungua! Nani? Nani huyo?"

Na Karai akaamka.

Hilo Mama hakulifikiria. Alikuwa amemtazama yule mwenye tofali tu. Sasa mwenye tofali alikuwa kipofu, amepiga magoti, na mdogo wake amesimama nyuma yake, pua imelala upande, kifua kimechubuka, anavuta hewa kwa mdomo usio na meno ya mbele. Nondo aliiokota bila haraka. Akaitazama ncha. Akaitazama shingo.

Mama akarudisha mkono kwenye saruji. Kilichobaki kilikuwa mbali na vidole, upana wa kiganja tu, lakini mbali.

"Karai," alisema.

"Mama, acha nimalize. Leo leo."

Alivuta pumzi. Ilimkata kama kisu, akaivuta hivyohivyo hadi ikajaa. Na kilichotoka hakikuwa kilio cha mama. Kilikuwa sauti ya marehemu juu ya jukwaa la ujenzi, ile iliyokuwa inavuka barabara:

"Maji! Saruji machoni! Maji, haraka!"

Kazini kwa waashi neno hilo haliulizwi. Mtu akiingiwa na saruji machoni, aliye karibu anaacha alichoshika, anakimbilia maji, awe anampenda awe hampendi, awe fundi awe kibarua, kwa sababu kesho ni wewe. Karai alikuwa amelitii neno hilo tangu meno ya utotoni. Mguu uliondoka kabla moyo haujaamua. Nondo ililia sakafuni. Ndoo ya kuloweshea ukuta ilikuwa imesukumwa hadi kando ya kitanda, imenusurika, na alipofahamu anachofanya alikuwa amekwisha kuishika kwa mkono mzima na kumkamata kaka yake nywele kwa vidole vya mkono uliolegea.

"Kichwa nyuma," alisema.

Timazi akamrushia ngumi bila kuona, ikampata shingoni. Karai akamzaba kofi.

"Kichwa nyuma, mbwa wewe! Fumbua macho!"

"Unaniua! Unaniua!"

"Ningekuwa nakuua ningeleta maji? Fumbua! Usisugue! Nimesema usisugue, baba yako alikwambia usisugue!"

Akammwagia. Alimbana kati ya magoti yake, akamfungua kope kwa kidole gumba, akaacha maji yapite juu ya jicho, kutoka puani kwenda nje, taratibu, kama walivyofundishwa. Maji yalishuka ya kijivu, kisha ya waridi kwa damu ya shavu. Alikuwa anatukana muda wote. Alimtukana kaka yake matusi ambayo Mama hakujua anayo, na mikono yake haikukosea hata mara moja.

Mke wa Karai aliingia sasa, akaiona nondo, akaiokota akaitupa nje ya dirisha kichochoroni kama anayetupa nyoka. Kisha akamwona Mama. Akashika kichwa.

"Ndoo nyingine," Mama akamwambia. "Usinitazame. Ndoo nyingine, bombani, kimbia."

Akakimbia. Mke wa Timazi alikuwa amevuka juu ya rundo kutoka upande wake, hana tena mayowe. Alipiga magoti akaanza kuondoa matofali juu ya miguu ya Mama, moja moja, anayaweka pembeni kwa adabu kama vyombo vya mgeni. Alipofika la tatu au la nne akasimama, akageuza uso. Mama akaona uso ule, akajua asitazame huko.

"Sioni," Timazi alisema. Alikuwa ametulia, ameshika kifundo cha mkono wa mdogo wake, si kwa kumzuia. "Sioni kitu. Jicho hili giza kabisa."

"Nyamaza. Fumbua la pili."

"Mama yuko wapi?"

Ndoo ilikuwa imeisha, matone ya mwisho yanadondoka.

"Nimekuuliza Mama yuko wapi. Alikuwa kwenye kigoda."

"Umemwangushia ukuta," Karai alisema.

Timazi alitaka kuinuka. Alitoa sauti ndogo, akaanza kupapasa sakafu, anatambaa kuelekea alikohisi matofali yako, mkono uliovunjika anaukanyaga mwenyewe.

"Mshike," Mama alisema. "Karai, mshike asije huku. Macho kwanza."

"Mama, ni wewe uliyenitupia?"

"Ni mimi."

Akaacha kupapasa. Sasa ikasikika barabara, magari, mkasi wa kinyozi umenyamaza, watu wanaulizana getini kuna nini. Kutoka alikolala Mama aliiona nyumba nzima kwa mara moja, meza ya Timazi, kitanda cha Karai, kigoda, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, vyote viko wazi. Midomo yake ilikuwa inatembea. Anamwambia Mungu asante, tena anamwambia ngoja kidogo, bado.

Mke wa Karai akarudi anahema, ndoo imejaa, imemlowesha hadi magoti.

"Mwaga," Mama alisema. "Usiache mpaka nikwambie."

Karai akamvuta kaka yake kwa kola, akamgeuzia uso juu, akainua ndoo.